Nilimwambia Mungu "tumemalizana", sasa nataka kurudi. Je, Waebrania 6 imenifungia mlango?

Njiwa_Mmoja:
Wapendwa Bwana asifiwe. Naombeni mnivumilie uzi ni mrefu na sijui hata nianzie wapi.

Niliokoka nikiwa na miaka 19, na sio wokovu wa kufuata mkumbo, nilikuwa mtu wa maombi kweli, nilikuwa nafundisha vijana, nafunga, watu nimewaombea wakafunguliwa nikaona kwa macho yangu. Afu baba akaugua. Miezi 14 tuliomba, tulikesha, tukaambiwa ameshapona tuache kukiri ugonjwa, akafa. Siku ya tatu baada ya kuzika niliingia chumbani kwake nikakaa kitandani, nikasema, tena sio moyoni, KWA SAUTI, "Mungu mimi na wewe tumemalizana, usinijue nisikujue". Nikatoa Biblia kwenye begi nikaiacha pale juu ya godoro lililovuliwa shuka nikatoka.

Imepita miaka mitatu. Niliishi nilivyotaka, sitaki kuorodhesha. Mwaka huu nikaanza kumkumbuka Mungu, sijui nisemeje, yaani kama unavyomkumbuka mtu mliyekuwa mnaongea kila siku afu mkaacha. Nikaanza kusali kwa kujificha. Ndo nikakutana na Waebrania 6:4-6, ile ya waliokwisha kupewa nuru "wakaanguka baada ya hayo, haiwezekani kuwafanya upya tena hata wakatubu". Nikamfuata mtumishi mmoja ninayemheshimu, akanisomea hiyo hiyo, akafunga Biblia, akanyamaza.

Tangu hapo kila usiku naisema sala ya toba, nikimaliza naona sijaisema kwa dhati narudia, juzi nimerudia mara 11 mpaka kukapambazuka. Nauliza tu, wokovu unapotea? Ukipotea unarudi? Na kama mimi ndo sina tena nafasi mniambie nijue, maana kutokujua kunanimaliza.

KifungoHuru:
Mkuu hujapoteza kitu. Yohana 10:28, "wala hawatapotea kamwe, wala hakuna mtu atakayewapokonya katika mkono wangu". Kamwe ni kamwe, haina nyota pembeni. Mtoto akimkasirikia baba yake hata akahama nyumba bado ni mtoto, damu haifutiki. Ukiokoka umeokoka. Lala usingizi.

Sauti ya Nyika:
@KifungoHuru haya ndo mafundisho yanayowapeleka watu jehanamu wakiwa wamelala huo usingizi wako. Paulo mwenyewe anasema anautesa mwili wake asije akawa mtu wa kukataliwa, 1 Wakorintho 9:27, Paulo huyo! Hakuna wa kutupokonya sawa, lakini mtu akiruka mwenyewe? Huyu ndugu ametamka kwa kinywa chake. Sisemi hana nafasi, nasema tusimpake mafuta kidonda hakijasafishwa.

bila_jina77:
Kwa hiyo Mungu anamwekea kinyongo miaka mitatu mtu aliyefiwa na baba yake? Nyie watu.

Mzee wa Nyaraka:
Nimesoma uzi wote mara mbili. Njiwa, tuanze na mstari wenyewe kabla hatujarushiana mistari mingine.

Mimi Waebrania naisoma hivi. Ile barua wameandikiwa watu walioteswa wakachoka, wakawa wanaangalia nyuma kwenye dhabihu za zamani. Mwandishi anawatisha kweli, tusimlainishe, anawaambia mkiiacha dhabihu ya Kristo hakuna nyingine mtakayoipata popote (sura ya 10:26). Mlango ni huu mmoja. Anayemsema pale ni mtu anayemfedhehi Mwana wa Mungu waziwazi na yuko radhi na hilo, hatafuti toba. Mtu anayekesha akitubu mara 11 hafanani naye hata kidogo. Afu shuka chini mpaka mstari wa 9, sauti inabadilika kabisa: "Lakini, wapenzi, ijapokuwa twanena hayo, katika habari zenu tumesadiki mambo yaliyo mazuri zaidi". Sijui kwa nini wengi wanafunga Biblia kabla ya kufika hapo.

Pili, swali lako ni la zamani sana. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu ya Roma na wapewe hati kuthibitisha. Zipo hati za namna hiyo zilizochimbuliwa Misri, karatasi za mafunjo, mtu anaandika jina lake na kwamba ametoa sadaka na kuonja nyama mbele ya mashahidi. Wakristo wengi walianguka. Wengine walitoa sadaka kabisa, wengine walihonga wakapata hati bila kutoa. Mateso yalipopungua wakarudi wanalia mlangoni mwa kanisa. Novatian, padri mmoja kule Roma, akasema hawa basi, kanisa halina mamlaka ya kuwapokea. Cyprian, askofu wa Karthago kule Afrika Kaskazini, akakaa na maaskofu wenzake mwaka 251 wakaamua wapokewe, kila mmoja kwa kadiri ya kosa lake na kwa toba ya kweli, sio kienyeji. Aliyebaki nje ya umoja wa kanisa ni Novatian, na wale walioanguka wakarudi. Sasa mtumishi wako alipofunga Biblia akanyamaza, bila kujua alikuwa amekaa upande wa Novatian.

Hii ya kwamba wokovu unapotea au haupotei ilikuja kupamba moto baadaye sana. Wafuasi wa Arminius, mwanatheolojia wa Uholanzi, mwaka 1610, kwenye hoja yao ya tano, hata wao hawakuthubutu kusema moja kwa moja kwamba unapotea, walisema jambo hili lichunguzwe zaidi kwenye Maandiko. Sinodi ya Dort, yaani mkutano wa kanisa la Uholanzi wa 1618 hadi 1619, ikajibu kwamba Mungu anawahifadhi walio wake mpaka mwisho, lakini hiyo hiyo Dort ikakiri kuwa watakatifu wanaanguka vibaya mno, ikamtaja Daudi, ikamtaja Petro. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, akaja akafundisha kinyume, kwamba unaweza kuupoteza na unaweza kurudishwa. Kwa hiyo ukimuuliza wa Dort atakwambia hukuwahi kutoka mkononi, ndo maana unarudi. Ukimuuliza wa Wesley atakwambia ulitoka, rudi. Hawa wawili wanagombania ulikuwa wapi hiyo miaka mitatu. Leo uende wapi wote wanakuonyesha njia moja.

Tumaini_K:
Tumsifu Yesu Kristo. Naongezea kwa upande wetu Wakatoliki: sisi tunafundishwa kwamba neema ya utakaso, yaani uhai wa Mungu ndani ya mtu, inapotea kwa dhambi ya mauti (dhambi kubwa iliyotendwa kwa kujua na kutaka), hilo halifichwi, Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wetu, ulilisema 1547. Lakini hapo hapo tunafundishwa Sakramenti ya Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri, ambayo mababa wa Kanisa waliifananisha na ubao wa pili baada ya merikebu kuvunjika. Nimeipenda siku zote hiyo picha kwa sababu mtu aliyeshika ubao haoni fahari yoyote, analoa, anatetemeka, lakini hazami. Na faida ya kuungama kwa padri ni kwamba unasikia kwa sikio lako "umesamehewa", hubaki unajiuliza usiku kama umeisema kwa dhati.

Mama Taratibu:
Nisamehe mwanangu mimi historia sina, wenzangu wameshamaliza. Nataka tu nikuulize kuhusu hizo mara 11.

Ile sio toba tena, ni hofu imevaa nguo za toba. 1 Yohana 1:9 inasema "tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu", haijasema tukiziungama kwa machozi yanayotosha. Uaminifu uliotajwa pale ni wa kwake, wewe unaupima wa kwako kila usiku unakuta umepungua, utaacha kupungua lini? Ungama mara moja, kwa sauti kama ulivyomkana kwa sauti, andika tarehe kwenye karatasi. Hofu ikija saa nane usiku usisali tena, soma tarehe, geuka upande wa pili. Na kama usingizi bado hauji mwone daktari au mshauri, hakuna aibu.

Halafu msiba wa baba hujauomboleza, ulikasirika ukaondoka. Soma Zaburi 88. Inaishia gizani, hakuna hata neno la kufurahisha mwishoni, na bado imo kwenye Biblia, waliiimba. Yale uliyoyasema pale kitandani mimi sioni kama yako mbali sana na hiyo zaburi.

Swali langu la mwisho, kwenye hii habari kuna mtu mwingine? Maana unaongea kama mtu mwenye deni, na Mungu sio peke yake anayekudai.

Njiwa_Mmoja:
Mama umenigusa pabaya. Nimekaa na hii simu saa nzima.

Yupo. Mdogo wangu wa kike. Mimi ndo nilimuongoza sala ya toba akiwa kidato cha pili. Baba alipokufa yeye aliendelea kuomba, na mimi kila nikimkuta anaomba nilikuwa namcheka, namuuliza "huyo unayeongea naye alikujibu nini wakati wa baba?" Nilimuuliza hivyo nadhani mwaka mzima. Siku moja nikakuta hasali tena, na nilifurahi, ndo kitu kinachonitisha, NILIFURAHI. Mpaka leo hasali. Waebrania 6 naiogopa ndio, lakini nikifumba macho naona uso wake.

Sauti ya Nyika:
Hapo sasa ndo kidonda chenyewe. Ndugu yangu mimi na KifungoHuru hatutaelewana mpaka parapanda ilie, ila sikiliza hiki.

Petro alimkana Bwana akiwa anaota moto wa makaa, Yohana 18:18. Ukienda 21:9 Bwana amefufuka, yuko ufukweni, amewasha moto wa makaa na samaki juu yake. Lile neno la Kigiriki la moto wa makaa kwenye Agano Jipya zima limeandikwa sehemu hizo mbili tu. Yaani Petro kasikia harufu ile ile ya usiku ule. Na hakuulizwa kwa nini ulinikana, aliulizwa wanipenda, mara tatu, na kila akijibu anapewa kondoo wa kulisha. Wa kwako wa kwanza ni huyo mdogo wako. Usimhubirie, tafadhali, umeshamsemesha vya kutosha. Muombe msamaha tu.

KifungoHuru:
Leo nimegonga like kwa @Sauti ya Nyika, mtunze ushahidi.

Njiwa_Mmoja:
Nimeungama jana jioni, mara moja, nimeandika tarehe nyuma ya risiti maana karatasi sikuwa nayo. Usiku niliamka mara mbili nikaisoma.

Asubuhi nikamwandikia mdogo wangu. Niliandika ndefu nikafuta, nikabakiza mistari mitatu: nilikuwa nakucheka kwa sababu wewe uliweza na mimi nilishindwa, nilikukosea, nisamehe. Ameisoma saa nne. Ikaonyesha anaandika, ikakata, ikaonyesha tena anaandika, ikakata. Saa tisa ndo amejibu, "Biblia yako uliyoiacha kwa baba ninayo mimi. Uje uichukue au nikuletee?"