Sindelar: shujaa aliyewagomea Wanazi, au mnunuzi wa mkahawa wa Myahudi aliyelazimishwa kuuza?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu.

Hadithi ya Matthias Sindelar, mshambuliaji wa Austria, wengi tunaijua hivi: aliwagomea Wanazi, akawafunga bao, akacheza ngoma mbele ya jukwaa lao, na mwisho wakamuua. Niliisoma nikiwa kijana na niliipenda mno. Leo bado namuona ni mmoja wa washambuliaji wakubwa kuwahi kutokea. Lakini kuna mtu mmoja amekatwa kwenye picha hiyo, na kadiri ninavyosoma, ndivyo ninavyoshindwa kuendelea kuisimulia bila yeye.

Tuanze na mpira. Sindelar alizaliwa mwaka 1903 huko Moravia, akakulia Favoriten, mtaa wa wafanyakazi upande wa kusini wa Vienna uliojaa viwanda vya matofali. Baba yake alikuwa mwashi, akafa katika Vita Kuu ya Kwanza. Kijana akaanzia klabu ya Hertha ya palepale Vienna, na mwaka 1924 akahamia Amateure, ambayo miaka miwili baadaye ilibadili jina ikawa Austria Wien. Hakuihama tena mpaka anaingia kaburini. Mapema kabisa aliumia goti, akapasuliwa, na tangu siku hizo alicheza amelifunga bandeji. Mtu mwenye goti la namna hiyo hagombani na mabeki kwa mabega. Anawakwepa. Alikuwa mwembamba, anapenya kati ya watu kama karatasi iliyochukuliwa na upepo, na Vienna ikampa jina hilohilo, Mtu wa Karatasi.

Mshambuliaji wa kati wa zama zile alisimama mbele akingoja krosi. Sindelar alikuwa anashuka katikati, anapokea, anagongeana pasi fupi na wenzake, na beki anayemkaba anabaki njia panda: amfuate au alinde eneo lake? Leo tunawasifu makocha wanaotumia mtindo huo. Yeye aliucheza karibu miaka mia iliyopita. Kocha wa timu ya taifa, Hugo Meisl, hakumkubali upesi, akamweka pembeni muda mrefu, kisha Mei 16, 1931 akamrudisha dhidi ya Uskoti. Austria ikashinda 5-0. Siku nane baadaye ikaenda Berlin na kuipiga Ujerumani 6-0. Aprili 1932 ikaifunga Hungaria 8-2, matatu ya Sindelar. Desemba ya mwaka huo ilipoteza 4-3 mbele ya Uingereza pale Stamford Bridge, na hata Waingereza waliondoka wakimzungumza yeye. Kombe la Dunia la 1934 iliishia nusu fainali, 1-0 kwa wenyeji Italia. Kwa klabu alitwaa Kombe la Mitropa, kombe la klabu za Ulaya ya Kati, mara mbili, 1933 na 1936, na ile fainali ya 1933 dhidi ya Ambrosiana-Inter (Inter Milan ya leo) aliigeuza mwenyewe kwa mabao matatu kwenye mechi ya marudiano.

Kisha ikaja Machi 1938. Ujerumani ya Hitler ikaimeza Austria. Timu iliyokuwa imeshafuzu Kombe la Dunia ikafutwa. Aprili 3, wiki moja kabla ya kura ya kuhalalisha muungano huo, ikachezwa mechi ya kuaga pale Uwanja wa Prater, wachezaji wa Austria dhidi ya Ujerumani. Austria ilishinda 2-0. Sindelar alifunga la kwanza kipindi cha pili, Karl Sesta akaongeza la pili kwa mpira wa adhabu. Baada ya hapo kocha wa Ujerumani, Sepp Herberger, alimuita Sindelar timu ya taifa ya pamoja, naye akakataa. Sababu alizotoa ni umri na goti.

Mpaka hapa nasimama na wanaomsifu. Sasa yule aliyekatwa.

Anaitwa Leopold Drill. Alikuwa Myahudi, mwenye mkahawa kwenye barabara ya Laxenburger Straße, hapohapo Favoriten. Katika kiangazi cha 1938 Wayahudi wa Vienna walikuwa wakinyang'anywa biashara zao kwa utaratibu uliopewa sura ya sheria. Agosti mkahawa wa Drill ukauzwa, na mnunuzi akawa Sindelar, kwa Reichsmark 20,000 (fedha ya Ujerumani ya wakati huo). Drill alikufa mwaka 1943 katika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt.

Swali langu: je, ni haki kuendelea kumwita Sindelar alama ya upinzani dhidi ya Wanazi? Msimamo wangu ni hapana. Tumwite mchezaji mkubwa aliyekataa jezi ya Ujerumani. Neno "mpinzani" lina gharama, na sioni wapi aliilipa. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umemhukumu mtu ukiwa umekaa kwenye kiti mwaka huu, si Vienna mwaka 1938. Fikiria upande wa pili. Mkahawa ule ungeuzwa tu, Sindelar akitaka asitake. Angeuchukua mwanachama wa chama cha Wanazi kwa bei ya kutupa. Sindelar alilipa. Halafu rais wa klabu yake, Dk. Schwarz, alikuwa Myahudi. Wachezaji walipokatazwa kumsalimia, Sindelar alimwambia kwamba yeye ataendelea kumsalimia. Hiyo si kitu kwako? Katika mji ambao watu waligeuka usiku mmoja, salamu ilikuwa ujasiri.

Mleta mada

Salamu ile ni kitu, tena kikubwa, nami naiamini. Ila hoja ya "ungeuzwa tu" ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu kila mnunuzi wa mwaka ule angeweza kuisema, na utaratibu wote ulisimama juu ya watu waliosema hivyo. Kuhusu kulipa: fedha za mauzo ya namna ile kwa kawaida hazikumfikia Myahudi mkononi. Ziliwekwa kwenye akaunti zilizofungwa, akakatwa kodi na tozo juu ya tozo. Mnunuzi alilipa, ndiyo. Hiyo haina maana kwamba muuzaji alilipwa.

Mchangiaji wa pili

Mimi naongeza jambo moja kuhusu hiyo mechi ya Aprili 3. Inasemwa kipindi cha kwanza alikosa mabao kwa makusudi kwa sababu walikuwa wameagizwa wasishinde, na baada ya kufunga akacheza ngoma mbele ya viongozi wa Wanazi. Hayo yamesimuliwa sana baada ya vita. Matokeo tunayo, wafungaji tunao, lakini ngoma ile imesimama juu ya masimulizi tu. Na baada ya vita Austria ilihitaji sana mtu wa aina hiyo, nchi iliyotaka kujiona mhanga tu huku watu wake wengi wakiwa wamempokea Hitler kwa shangwe. Sindelar alikuwa amekufa, hawezi kukanusha.

Pia tusisahau: mechi yake ya mwisho ilikuwa Desemba 26, 1938, Berlin, akiwa na klabu yake dhidi ya Hertha BSC, na alifunga. Kwa hiyo Ujerumani alikuwa anakwenda na kucheza. Alichokataa ni timu ya taifa.

Mchangiaji wa tatu

Na kifo? Mtu mwenye umri wa miaka 35 anakutwa amekufa kitandani akiwa na mpenzi wake, halafu mnasema ajali?

Mleta mada

Januari 23, 1939, mtaa wa Annagasse, Vienna, Sindelar na Camilla Castagnola. Polisi waliandika sumu ya moshi wa kaboni kutoka jiko la kupashia joto. Miongo mingi baadaye rafiki yake mmoja alidai ofisa alihongwa ili iandikwe ajali, apate mazishi ya heshima. Wengine wanasema alijiua, wengine aliuawa. Vienna ya majira ya baridi ilikuwa na vifo vingi vya mabomba mabovu ya moshi, na mimi naelemea huko. Inaniuma kwamba yule mama kila mara anatajwa kama "mpenzi wake" tu, wakati alikufa kifo kilekile.

Watu wapatao 15,000 walimsindikiza Sindelar makaburini. Huo ni upendo wa kweli, na hauhitaji njama ili uwe mkubwa.

Mchangiaji wa kwanza

Sawa, lakini unataka nini hasa? Kaburi lake lifutiwe heshima? Vienna walishabishana hilo miaka ya 2000 mwanzoni, walipopitia upya makaburi ya heshima ya enzi za Wanazi. Mtaa wa Sindelargasse ubadilishwe jina? Ukimpima kila mchezaji kwa kipimo hiki hatabaki mtu.

Mleta mada

Sitaki kaburi liguswe, wala jina la mtaa. Na kipimo si changu, wapo wa wakati wake waliopita mlemle. Mchukue Walter Nausch, nahodha wake Austria Wien na timu ya taifa. Mke wake alikuwa Myahudi. Nausch aliacha vyote, akaondoka naye kwenda Uswisi. Wangapi hapa mmewahi kuona picha ya Nausch ikisambazwa kama shujaa? Alifanya jambo gumu, akaishi, akarudi baada ya vita kuifundisha timu ya taifa, ikashika nafasi ya tatu Kombe la Dunia la 1954. Kwa kuwa hakufa kijana wala kifo chake hakina fumbo, tumemsahau.

Ninachotaka ni kidogo. Anayesimulia bao la Aprili 3 asimulie na mkahawa wa Agosti. Ni mtu mmoja, mwaka mmoja, mji mmoja.

Mchangiaji wa pili

Hapo nakubaliana nawe, ila na mimi nina swali. Sindelar alijuana na Drill? Favoriten ilikuwa mtaa wao wote wawili, na mchezaji anayependa mikahawa huenda alikunywa pale kahawa miaka mingi kabla ya kuununua.

Mleta mada

Hilo nimelifikiria sana, mkuu. Kama alikuwa mteja wake, sijui kama linampunguzia au linamwongezea.