Ujazo wa tungamo la maji hubadilikaje, ilhali bahari ni ile ile?

Mwanagenzi:
Naomba ufafanuzi kwa wanaoijua fani hii. Nimesoma kwamba tungamo liitwalo Maji ya Labrador, linalozaliwa katika bahari iliyo kati ya Kanada na Greenland, liliongezeka sana ujazo mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha likapungua. Ikiwa maji ya bahari kwa jumla ni yale yale, kinachoongezeka ni nini, na kikipungua huenda wapi?

Kina Kirefu:
Ndugu Mwanagenzi, tungamo la maji hutambuliwa kwa joto na chumvi yake, wala si kwa mipaka ya ramani. Ujazo wake hubadilika kama idadi ya wanafunzi wa darasa la sita: shule ni ile ile, ila wapo walioingia darasani na wapo waliotoka. Huko Labrador maji mapya huingia majira ya baridi, pale upepo mkali kutoka Kanada unapoyanyang'anya maji ya juu joto lake hadi yakawa mazito kuliko yaliyo chini, yakazama na kuchanganyika nayo. Miaka ile baridi kali ilifululiza, na kwa kuwa kila msimu ulikuta kazi ya msimu uliotangulia bado ipo, mchanganyiko ulishuka hadi kupita mita 2,000. Kutoka, kwa upande wake, hakuna likizo: mikondo huyabeba maji hayo kuelekea kusini kando ya Amerika, na yanayobaki huchanganyika polepole na maji yenye joto na chumvi zaidi kutoka pembeni, hadi yakapoteza sifa zake. Baridi ikilegea miaka michache tu, yanayotoka huyazidi yanayoingia.

Hidrografia:
Nakubali, ila baridi peke yake haitoshi. Kati ya 1969 na 1971, vipimo vya meli ya hali ya hewa iliyokaa kwenye kituo cha Bravo, katikati ya bahari hiyo, vilionyesha maji ya juu yamepungukiwa chumvi kupita kawaida. Maji ya namna hiyo hubaki mepesi hata yakipoa, kwa hiyo yalitanda juu na kuzuia uzamaji wa kina, mpaka baridi kali ya 1972 ilipoyashinda. Tena tujihadhari na takwimu za ujazo: mtu akiweka mpaka kwa nyuzi za joto pekee, bahari ikipata joto tungamo litaonekana limesinyaa, hata kama uzalishaji wake haujapungua.

Mwanagenzi:
Ahsanteni sana. Je, Bahari ya Hindi nayo ina mfano wake?

Hidrografia:
Upo, na chanzo chake ni jua. Bahari ya Shamu hupoteza kwa mvukizo takriban mita 2 za maji kila mwaka, hivyo maji yake huwa na chumvi ya kiasi cha gramu 40 kwa kilo. Maji hayo mazito hutokea chini kwa chini katika mlango wa Bab el Mandeb, huteremka katika Ghuba ya Aden hadi kina cha mita 400 hadi 800, na athari yake hufuatika mpaka Mlango wa Msumbiji. Wakati wa kaskazi hutoka kwa wingi. Kusi ikishika, upepo wa kusini mwa Bahari ya Shamu hugeuka na mtiririko huo wa chini hupungua sana.