Kikundi cha Ukoo: Macho ya Mtoto wa Somoe

Somoe (Newala): Shikamooni wakubwa. Tumerudi kutoka Mtwara, na daktari amesema mtoto ana presha ya macho, yaani glakoma ya utotoni, hivyo ametuandikia rufaa ya Dar es Salaam akapasuliwe macho yote mawili. Machozi humtoka kutwa nzima, na nikimtoa uani jua likiwa kali huuficha uso begani mwangu na kukataa kuuinua.

Mjomba Saidi (Masasi): Marahaba mwanangu, pole sana. Kwa kuwa ana miezi mitano tu na bado ananyonya vizuri, naona tungoje minada ya korosho ianze, tupate fedha, naye apate nguvu za kustahimili nusu kaputi.

Rehema (Mtwara): Shikamoo mjomba. Neno lako ndilo linalosubiriwa, lakini kwa kuwa nafanya kazi kliniki ya macho, naomba korosho zisitajwe hapa. Jicho hutengeneza maji wakati wote, na maji hayo hutokea kwenye njia ndogo iliyo pembeni, sehemu ya mbele. Kwa mtoto huyu njia hiyo haikuumbika sawasawa, kwa hiyo maji yanajaa na jicho, ambalo bado ni laini, linatanuka. Kioo cha mbele cha jicho la mtoto anayezaliwa huwa na upana wa takriban milimita 10, na kikizidi 12 kabla hajatimiza mwaka, daktari huingiwa na shaka. Majirani wanaomsifia macho makubwa hawajui wanachokisifia. Presha hiyo huua mshipa wa fahamu wa jicho, nao ukishakufa, haufufuki.

Bibi Mwanahawa: Babu yenu naye ana presha ya macho, na matone yake yapo kabatini. Je, haiwezekani mtoto aanze nayo?

Rehema: Hapana, bibi, tafadhali yaache huko huko. Aina moja ya matone ya watu wazima, brimonidini, inaweza kumfanya mtoto mchanga ashindwe kupumua. Yapo matone yanayofaa watoto, lakini hushikilia tu presha wakati operesheni inangojwa, kwa sababu tiba yenyewe ya ugonjwa huu ni kisu.

Mjomba Saidi: Ugonjwa huu umetoka upande gani wa ukoo?

Rehema: Mara nyingi hutokea bila mtu mwingine yeyote kuwa nao, mjomba, na ukiwa wa kurithi, kwa kawaida baba na mama wote wawili wameubeba bila kuugua. Tusitafute wa kumlaumu.

Hamisi (Dar es Salaam): Akishapasuliwa, ataona kama watoto wengine?

Rehema: Kioo kikiwa safi, daktari huweza kuifungua njia ya maji kutokea ndani, kikiwa na ukungu kama cha huyu, huifungua kutokea nje, na mara nyingi hutengeneza papo hapo njia nyingine ya maji chini ya utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho. Presha inaweza kupanda tena baada ya miezi au miaka, akarudishwa chumba cha upasuaji. Lakini kaka, presha kushuka ni jambo moja na kuona ni jingine: kioo kinaweza kubaki na michirizi, jicho lililotanuka huwa halioni mbali, na ubongo hulipuuza lile lililo dhaifu. Hapo ndipo zinapohitajika miwani, hata kwa mtoto asiyejua kutembea, na kufunikwa jicho lenye nguvu kwa saa atakazopanga daktari, ili lile dhaifu lifanye kazi. Wengi ninaowaona huku huacha kliniki mara tu machozi yanapokatika, na hilo hunikera kuliko ukosefu wa nauli.

Mjomba Saidi: Nimeelewa. Nitauza mbuzi, na Somoe asafiri wiki hii hii. Hamisi, utawapokea Mbagala, na suala la miwani ni juu yangu.

Hamisi: Nitakuwepo, mjomba.

Bibi Mwanahawa: Je, siku ya kupasuliwa atanyonya?

Rehema: Wauguzi watawapa saa kamili, bibi, ila kwa kawaida ziwa la mama huzuiwa kwa saa 4 zinazotangulia dawa ya usingizi. Hata akilia vipi, Somoe asimpe.