Makao ya watoto yafungwe au yaachwe? Na mashirika yamepewa na nani idhini ya kuamua?

Mtu wa Majengo: Wadau, serikali yataka makao ya watoto yapungue mpaka yaishe, watoto walelewe na jamaa zao, mpango wenyewe ni wa 2022 hadi 2032. Sasa mashirika mengine hapa Mombasa yapinga, ati "watoto wetu watateseka". Wetu wa nani? Mliwachagua lini nyie?

Bi Kisauni: Hao tuliowachagua kwa kura wamelea wangapi? Nna miaka 9 kwenye makao, mtoto akiletwa na polisi saa nane za usiku hatumuulizi bodi imechaguliwa na nani, twamuogesha twampa uji.

Mwana wa Likoni: Dada hujajibu. Mtoto ana nyanyake hapo ng'ambo ya feri, kinachokosekana ni karo na unga, nyie mwamchukua mwamlaza kwa dabodeka ili mfadhili akija Disemba apige naye picha, na hizo pesa mngempa nyanya mtoto angelala kwao. Ndo maana usajili wa makao mapya ukasimamishwa, 2015 sijui 16.

Karani Mstaafu: Novemba 2017. Na msiyatupie mashirika peke yake. Sheria ya kuyasimamia ilipita 2013 ikalala kabatini hadi Mei 2024 ndo ikaanza kutumika. Miaka 11!

Bi Kisauni: Likoni, picha ndo zakuuma? Mbona pilau ya Ramadhani mwagawa mkipiga picha, mama wa watu kashika sahani kainamisha uso, na kimya?

Mwana wa Likoni: Astaghfirullah, usichanganye sadaka na biashara zenu.

Yakhe Tuktuk: Apo kakubana kaka 😂 sadaka ya siri mkono wa kushoto haujui ulichotoa wa kulia, lakini siku hizi wa kushoto ndo umeshika simu

Mwana wa Likoni: Cheka tu. Mimi nlikuwa jikoni, sufuria 6, sikulala. Picha ni za waliochanga waone pesa zao zimefika.

Bi Kisauni: Kwani mfadhili wangu ataka nini tofauti?

Mwana wa Likoni: Tofauti ipo! Wangu ni majirani, pilau ikiungua wanigongea mlango usiku ule ule. Wako huja kwa ndege mara moja kwa mwaka, na siku hiyo watoto mwawavisha viatu.

Bi Kisauni: Viatu wanavaa kila siku, njoo uone. Usiniletee maneno ya barazani.

Mtu wa Majengo: Jamani, nlouliza ni idhini...

Shangazi Kongowea: Na iliungua kweli, mie nlikula. Viazi vibichi.

Mwana wa Likoni: Shangazi nakuheshimu lakini huo ni uzushi, viazi viliiva.

Shangazi Kongowea: Mwanangu, nlipiga picha.