Naombeni ushauri: nataka kujitoa kwenye maonyesho ya vitabu Mtwara bila kugombana na mtu

Binti Mikindani
Wakuu habari za jioni. Nimejitolea kwenye maonyesho ya vitabu yanayofunguliwa keshokutwa hapa Mtwara mjini. Nimepangwa stoo: kupokea makasha, kuhesabu, kubandika majina ya wenye meza, kupeleka mzigo ukumbini. Mzigo uliingia Ijumaa saa saba mchana, vijana wakashusha, tangu hapo nimo humo. Posho hakuna, ni chakula cha mchana na fulana. Kazi naipenda sana, ila nataka kuondoka kabla ya ufunguzi. Msimamizi ni dada mmoja aliyeniamini mpaka akanikabidhi funguo. Nimeshaandika meseji kuwa naumwa, sijaituma. Niondokeje kwa heshima?

Mzee wa Ligula
Mwanangu, vijana wa siku hizi mkiona hakuna bahasha, mnaumwa. Sisi tulibeba matofali ya kujengea shule kichwani na fulana hatukupewa. Kamalize kazi.

Dada wa Chuno
Usijitoe mdogo wangu. Mwaka fulani nilisaidia kupanga meza kwenye shughuli kama hiyo. Mtoto wa kwanza kuingia alipita meza zote, akaenda kwenye kitabu cha samaki nilichokiweka pembeni kwa kukosa nafasi. Akakaa sakafuni na yunifomu yake, akasoma mpaka mwalimu akaja kumtafuta. Bila watu wa stoo, kile kitabu kingebaki kwenye kasha. Hiyo kazi ni kubwa kuliko mnavyodhani.

Kipara wa Newala
Anayependa kazi hajitoi siku mbili kabla. Kuna nini humo stoo?

Binti Mikindani
Hakuna kitu kaka, ni uchovu tu.

Kipara wa Newala
Uchovu hauhitaji uongo wa kuumwa. Funguka tukusaidie.

Binti Mikindani
Sawa. Kuna makasha ya muuzaji mmoja, vitabu vya ziada, hadithi za watoto. Nahisi vimedurufiwa bila ruhusa. Karatasi nyepesi mpaka maandishi ya nyuma yanaonekana mbele, rangi ya jalada imefifia. Nakala moja inatoka ukurasa wa 48 inarukia wa 65.

Fundi Chapa
Kwa hilo la kuruka kurasa usimhukumu mtu. Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa, na kunjo moja mara nyingi huwa kurasa 16. Hapo 49 mpaka 64 ni kunjo zima lililosahaulika wakati wa kukusanya. Hata mtambo wa heshima hutoa nakala ya hivyo. Angalia ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu. Kwetu hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, inaanza na 978, kisha mara nyingi 9976 au 9987. Chukua tarakimu zote 13: ya kwanza zidisha kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, hivyo hivyo hadi mwisho. Jumlisha. Jumla isipogawanyika kwa 10, namba ina walakini. Halafu linganisha namba ya jalada la nyuma na ile ya ukurasa wa hakimiliki.

Binti Mikindani
Nimepiga hesabu. Ya nyuma haigawanyiki. Ya ndani ni nyingine kabisa.

Fundi Chapa
Hapo sasa pana harufu.

Mwalimu Nachingwea
Unasubiri nini? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Mwandishi hula asilimia ya mauzo, nakala ya wizi haimpi hata senti, kesho haandiki tena. Sisi walimu tunaumia tukikosa vitabu vya kuwapa watoto. Toa taarifa.

Kipara wa Newala
Mleta uzi, huyo muuzaji ni nani kwako?

Binti Mikindani
Ni baba mdogo. Baba alipofariki yeye ndiye alinisomesha. Vitabu alichukua Kariakoo kwa mali kauli, naamini na yeye kabambikwa. Visipouzwa anadaiwa. Makasha yake nimeyaweka chini kabisa, juu nimepanga ya wengine. Sijaficha, nimepanga tu. Yakichelewa kutoka, labda maonyesho yataisha hayajafunguliwa, anayarudisha, basi. Naona ni njia isiyomuumiza mtu.

Mzee wa Ligula
Kumbe. Basi mtu aliyekulea hapelekwi mbele za watu. Haya yanamalizwa ukumbini kwenu, juu ya mkeka.

Korosho Ghafi
Nilikuwa karani wa ghala la chama cha msingi huku Tandahimba. Mzee wa familia alileta gunia za korosho zenye unyevu, akataka nizipitishe. Nilikataa kusaini, msimu mzima hakuniitikia salamu. Leo ndiye anayenitanguliza kwenye vikao vya ukoo. Mdogo wangu, umesaini karatasi ya mapokezi au bado? Ushauri wote unategemea hapo.

Mchaka Mchaka
Hii chai. Ijumaa saa saba mchana, Mtwara hii, vijana gani wanashusha mzigo? Msikitini alikuwa nani? Na huyu wa stoo anapiga hesabu za ISBN dakika mbili baada ya kufundishwa. Binti na Fundi Chapa ni mtu mmoja.

Fundi Chapa
Nimeanza kunusa wino kabla hujajua kusoma. Niheshimu.

Dada wa Chuno
Hata mimi ya Ijumaa imenitatiza.

Binti Mikindani
Gari liliingia saa saba kasoro. Walishusha makasha ya mwanzo, adhana ilipotoka wakaenda kuswali, nikabaki na dereva. Kasha moja lilikuwa limechanika kona, nikalifungua nione kama vitabu vimelowa. Wangekuwepo wote nisingelifungua, na leo nisingekuwa hapa nawaandikia. Kaka Korosho, sijasaini. Karatasi ninayo.

Mchaka Mchaka
Sawa, nimekuelewa. Ila hizo akaunti bado nazitilia shaka.

Korosho Ghafi
Kama hujasaini, una nafasi. Andika idadi uliyopokea, na mbele ya makasha hayo andika "hayajakaguliwa". Hapo hujamchongea mtu wala hujadanganya. Kisha mfuate baba mdogo usiku huu huu, na kitabu kimoja mkononi, umwoneshe zile namba mbili. Ayaondoe mwenyewe kabla ya ufunguzi. Akikataa, kesho asubuhi msimamizi ajue. Ile meseji ifute.

Mwalimu Nachingwea
Naunga mkono, ila asiyauze kwingine. Aliyemuuzia ayapokee.

Binti Mikindani
Meseji nimefuta. Nachukua bodaboda naenda kwake, Magomeni ya hapa hapa Mtwara. Naogopa, ila naenda.

Dada wa Chuno
Mungu akutangulie. Na kama stoo mnahitaji mtu wa kusaidia kubeba, kesho sina kazi, nicheki pembeni.