Makro zinazokula data: tupeane uzoefu

KasaWaShela
Stima imekatika huku Amu asubuhi hii, makro (mlolongo wa amri zinazojiendesha zenyewe) iko katikati ya kupanga orodha ya wageni, ndipo nikakumbuka kuuliza. Anayejua makro huuma wapi aseme, na dawa yake aitaje. Naanza mimi: makro ikishabadilisha kitu kwenye Excel, Ctrl+Z imekufa. Hairudishi kazi ya makro wala ulichoandika kwa mkono dakika mbili kabla. Kwa hivyo kabla ya kufuta chochote, makro ianze na ThisWorkbook.SaveCopyAs, na jina la nakala liwe na tarehe na saa.

JahaziMokowe
Kweli tupu. Na ukihifadhi kama .xlsx makro zote zinatoka. Ni .xlsm. Onyo huja, watu hubonyeza tu.

BiDaftari
Ya Excel cha mtoto. Ngojeni ya Access, ile programu ya Microsoft ya kutunza data kwenye majedwali.

Banda moja la samaki huku Malindi. Jedwali la Mapokezi lina namba ya risiti, tarehe, chombo, aina, kilo. Mwisho wa mwezi kuna kitufe cha Funga Mwezi, na nyuma yake amri mbili: ya kwanza inanakili mistari kwenda jedwali la Kumbukumbu, ya pili inafuta Mapokezi. Juu kabisa pamewekwa DoCmd.SetWarnings False, ili karani asisumbuliwe na maswali ya "una hakika?".

Sasa kitabu kipya cha risiti kikaanza tena 001. Kule Kumbukumbu namba ya risiti ndiyo ufunguo mkuu, haikubali kujirudia. Access ikaitupa kila risiti ambayo namba yake ilishatumika, kimya, kwa sababu imeamrishwa inyamaze. Amri ya pili haina habari, ikafuta zote. Tafi, changu, kolekole, mwezi mzima, jedwali jeupe! Na kitufe kikajibu "Mwezi umefungwa".

Dawa: Set db = CurrentDb, kisha db.Execute yenye dbFailOnError, ili kosa lisipite kimya, badala ya DoCmd.RunSQL. Amri zote mbili zikae ndani ya BeginTrans, zihesabiwe kazi moja. Baada ya kunakili soma db.RecordsAffected (idadi ya mistari iliyoguswa), baada ya kufuta soma tena. Zikilingana, CommitTrans, yaani thibitisha; zikipishana, Rollback, yaani rudisha kama ilivyokuwa. Msiandike CurrentDb.RecordsAffected, maana kila ukiita CurrentDb unapewa kitu kipya, kitakujibu sifuri. Na ufunguo uwe namba ya kitabu pamoja na ya risiti.

MlaTambuu
Wakazipata?

BiDaftari
Kwenye fleshi kulikuwa na nakala, pungufu siku nne. Hizo nne zikaandikwa upya kutoka vishina vya risiti.

PwezaWaKompyuta
Makro za nini zama hizi? Power Query, kifaa cha Excel cha kuvuta na kupanga data, inaunganisha faili thelathini bila kuandika mstari hata mmoja.

JahaziMokowe
Yakhe, kompyuta ya kaunta ina Excel 2007. Power Query imekaa ndani ya Excel tangu 2016. Kwa 2010 na 2013 ilikuwa ya kupachikwa. 2007 haimo kabisa. Utawanunulia wewe?

PwezaWaKompyuta
Nimesema njia, sikusema pesa.

MlaTambuu
Nyumba za wageni, shikeni hili: ukiunganisha tarehe ndani ya SQL (lugha ya kuulizia data) ya Access, yeye husoma mwezi kwanza. Mgeni wa 3/4 atahesabiwa wa 4 Machi, lakini wa 25/4 atatoka sawa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25 naye hugeuza mwenyewe. Kosa la nusu nusu namna hii halionekani mpaka chumba kimoja kina watu wawili. Andika #2025-04-03#, mwaka mbele, basi.

BiDaftari
Ongeza Integer, aina ya namba nzima kwenye makro. Mwisho wake 32,767. Kodi ya 40,000 ikiingia humo, kosa namba 6, yaani namba imezidi nafasi. Tumia Long, yenye nafasi kubwa, na penye senti Currency.

JahaziMokowe
Faili la makro lililotoka kwenye barua pepe likigoma na mstari mwekundu, ni kinga ya Microsoft ya tangu 2022. Bofya kulia, Properties, weka tiki kwenye Unblock. Au lipitishe kwenye fleshi ya FAT32, alama ya mtandaoni inabaki nyuma 😂

BiDaftari
Usiwafundishe watu hayo! Kile kirusi cha kompyuta Melissa cha 1999 kilikuwa makro ndani ya faili la Word. Kama humjui aliyeliandika, fungua Alt+F11 usome amri za makro kwanza.

JahaziMokowe
Nani atasoma mistari mia tano, Bi?

BiDaftari
Anayetaka kubaki na data yake.

MlaTambuu
Kasa, kama hiyo makro yako inafuta mistari, anza chini kwenda juu: For i = mwisho To 2 Step -1. Ukianza juu, mstari ukifutwa wa chini yake unapanda, nawe unauruka. Na kama imeweka xlCalculationManual (hesabu zisijipige zenyewe) kisha ikahifadhi kabla ya stima kukatika, faili litafunguka hivyo hivyo, jumla zimelala. Bonyeza F9, halafu Formulas, Calculation Options, Automatic.

KasaWaShela
Stima imerudi. Jumla ilikuwa ya jana mpaka nilipogusa F9.