Mume wangu ameumia mgongo: ulinzi wa malipo wa kadi ya mkopo utatusaidia kweli?

Mama Nasra (Columbus, Ohio)
Habari zenu ndugu. Naomba ushauri, hasa kwa mliokaa Marekani siku nyingi. Mume wangu ameumia mgongo akishusha mizigo ghalani, daktari kamzuia kazi miezi 3. Mshahara wangu wa kutunza wazee unaishia kwenye kodi ya nyumba na chakula. Kadi yake ina deni la dola 4,000, riba asilimia 24. Nikipitia taarifa za kadi nimeona kila mwezi wanakata pesa ya ulinzi wa malipo, mwezi uliopita dola 35.60. Anasema alipigiwa simu zamani akakubali. Je, sasa benki ndiyo inalipa deni? Niache kulipa?

Nesi wa Dallas
Poleni sana dada, Mungu amjalie nafuu. Usiache kulipa! Ulinzi wa malipo ni mpango unaoulipia kila mwezi ili benki ikupunguzie mzigo wa malipo ukiumia au ukikosa kazi, lakini lazima uuombe, na kutuma maombi si kukubaliwa. Malipo yakichelewa zaidi ya siku 30 wanaweza kuripoti, na hapo rekodi yake ya mikopo inachafuka. Lipa kima cha chini cha mwezi mpaka mpate barua ya kukubaliwa mkononi.

Halafu usitegemee makubwa. Kuna mipango inayofuta malipo na inayoyasimamisha tu. Ule wa kufuta, kwa kawaida benki inafuta kima cha chini cha mwezi husika tu. Kwenu riba ya mwezi ni kama dola 80, ukiongeza asilimia 1 ya deni, dola 40, inakuwa 120. Hizo 120 ndizo zinazofutwa. Miezi 3 ikiisha, deni bado liko karibu 3,900. Ule wa kusimamisha, hamdaiwi kwa muda huo lakini deni mtalikuta palepale. Ulizeni kama riba nayo inasimama.

Mzee wa Pangani
Binti yangu, someni mkataba wenyewe. Mingi inataka mtu awe ameajiriwa siku aliyoumia, tena kwa saa fulani kwa wiki. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga unaweza kukataliwa. Mara nyingi kuna siku 30 za kusubiri, na kadi yenyewe hufungwa msinunulie kitu.

Fomu ya daktari ndiyo inayokwamisha wengi. Ya mdogo wangu ilirudishwa kwa sababu kliniki waliandika "apumzike", wakati fomu iliuliza kama hawezi kufanya kazi yake na tangu tarehe gani. Kaeni na daktari, ajaze kila mstari.

Kamau wa Minnesota
Pole dada. Kabla ya mambo ya kadi: mumeo aliumia akiwa kazini?

Mama Nasra
Ndiyo kaka, kazini. Msimamizi alimwambia atumie bima yake ya afya kwanza.

Kamau wa Minnesota
Hapana, asikubali hivyo! Hilo ni dai la fidia ya wafanyakazi, na ndilo lenye pesa ya maana kuliko hiyo kadi. Ohio kuna ofisi ya jimbo inayoshughulikia fidia hiyo, BWC. Afungue dai hata kama msimamizi hataki, mwisho ni mwaka 1 tangu kuumia. Wakikubali, wanagharimia matibabu, na wiki 12 za kwanza fidia inahesabiwa kwa asilimia 72 ya mshahara wake, ingawa kuna kiwango cha juu. Leo hii aandike ripoti ya ajali, abaki na nakala.

Binti Makame
Naongeza. Mipango hii ina historia mbaya. Mwaka 2012 Capital One waliamriwa kurudishia wateja dola milioni 140 hivi, maana mawakala wa simu waliwauzia hata watu wasio na kazi na wenye ulemavu ambao wasingeweza kunufaika. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikuta kwamba mwaka 2009 wateja walinufaika senti 21 tu kwa kila dola waliyolipia mipango hii. Inaniuma, kwa sababu wanaolipia ni watu kama sisi. Kama mumeo aliambiwa kwenye simu kwamba deni lote litalipwa, andikeni malalamiko CFPB, ofisi ya serikali kuu inayolinda wateja wa huduma za fedha, na mdai pesa mlizokatwa. Ila msiufute mpango kabla dai la kadi halijajibiwa.

Mama Nasra
Asanteni sana, nimepata pa kuanzia. Na dai la kadi likikataliwa?

Nesi wa Dallas
Omba sababu kwa maandishi, ukate rufaa. Huku nyuma piga simu benki uombe unafuu wa mteja aliyepata matatizo. Huo hauhusiani na ulinzi wa malipo na hauna ada ya kila mwezi. Wengi wanashusha riba au kima cha chini kwa muda. Fomu ya daktari ukiipata, ficha jina na namba zote uiweke hapa, tuipitie kabla hujaituma.